Maswali ya Wasomaji: Bach, Handel, Mozart na Kwaya Zetu

Tumsifu Yesu Kristu, na kwa wa upande wa pili, Bwana Yesu asifiwe. Mwezi huu barua karibu zote zimegusa jambo moja, wale watunzi wa zamani wa Ulaya ambao majina yao tunayaona juu ya kopi za nota, kwamba walihusikaje na kanisa, na je sisi tuwaimbe au tusiwaimbe. Nimechagua chache. Nyingine ntazijibu nikipata nafasi, msione nimewapuuza.

Mwalimu shikamoo. Mimi naimba sauti ya tena kwenye usharika mmoja hapa Moshi. Nimesikia Bach alikuwa anatoa kazi mpya kila Jumapili. Hii ni kweli au ndio yale ya kuwakuza watu? Sisi wimbo mmoja tunausaga miezi miwili na bado siku ya siku besi wanapotea. (Tena wa Moshi)

Marahaba ndugu yangu. Ni kweli, ila sio maisha yake yote, ni hasa ile miaka ya mwanzo alipofika Leipzig. Bach alizaliwa 1685, akafika Leipzig 1723 akiwa na miaka 38, na hata ile kazi wakubwa wa mji hawakumtaka yeye kwanza, walimtaka Telemann akakataa, wakamtaka Graupner bosi wake akagoma kumwachia, ndipo wakamchukua Bach. Akawa mwalimu wa muziki wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa ya mji, hasa lile la Mtakatifu Thomas na la Mtakatifu Nikolai. Akakaa hapo mpaka anafariki 1750.

Sasa kanisa lilikuwa linataka kila Jumapili na kila sikukuu iwepo kantata. Yaani kazi ya kuimba yenye kwaya, waimbaji wa solo na vyombo, kama dakika 20 hivi, na maneno yake yanaendana na Injili ya siku hiyo, inaimbwa kabla ya mahubiri. Kwaresima na sehemu kubwa ya Majilio zilikuwa hazina kantata, hapo ndio alipata pa kupumua, lakini hata hivyo kwa mwaka zilikuwa zinatakiwa kama 60. Jaribu kuona wiki yake ilivyokuwa: mwanzoni mwa wiki anatunga, nota zikitoka kichwani zinaenda kwa mke wake Anna Magdalena, watoto wake wakubwa na wanafunzi, wote wameinama wananakili kwa mkono sauti moja moja, huyu soprano huyu violini ya pili huyu obo, maana fotokopi hakuna, Jumamosi mazoezi, Jumapili saa moja asubuhi ibada inaanza na inakwenda masaa matatu mpaka manne huku mahubiri peke yake yanakula saa nzima. Jumatatu anaanza upya. Kantata za kanisa zilizobaki mpaka leo ni kama 200, na nyingine zilipotea.

Na usidhani alikuwa na kwaya ya malaika. Mwaka 1730 aliwaandikia wakubwa wa mji kuwaeleza hali ilivyo, akasema kila kwaya inahitaji angalau waimbaji 12 na wakiwa 16 ndio vizuri zaidi, maana kuna msimu watu wanaugua koo. Halafu akawahesabu vijana wa shule wote 54: 17 wanafaa, 20 bado hawajaiva, 17 hawafai kabisa. Na hao hao ndio wa kugawanya kwenye makanisa manne! Mimi kila nikiisoma ile hesabu naona kabisa ni mtu anayeipenda kazi yake na inamuuma. Mwaka huo huo alimwandikia rafiki yake kwamba kipato chake kinategemea sana ada za mazishi, hewa ya mji ikiwa nzuri watu hawafi basi na yeye anapungukiwa, mwaka uliopita alikosa zaidi ya thaler 100 (fedha yao ya wakati huo) kwa njia hiyo. Mshahara wake wote na marupurupu ilikuwa kama 700, na nyumbani watoto wamejaa.

Pamoja na hayo yote, kwenye kurasa za kazi zake za kanisa mara nyingi aliandika mwanzoni herufi J.J., ombi la Kilatini la kumwomba Yesu amsaidie, na mwishoni S.D.G., utukufu kwa Mungu peke yake. Mtu amechoka, kwaya pungufu, Jumapili hiyo inakuja, na bado anaanza na sala. Kwa hiyo miezi miwili yenu kwa wimbo mmoja sio aibu, ila mwambieni mwalimu wenu besi wafanye mazoezi ya peke yao kwanza.

Mwalimu, mpiga kinanda wetu ni kijana ana kipaji sana lakini anatia manjonjo mengi katikati ya tenzi mpaka waumini hawajui waingie wapi. Wazee wanataka aondolewe. Unashauri nini? (Katibu wa kwaya, Iringa)

Msimwondoe. Februari 1706 baraza la kanisa la Arnstadt lilimwita mpiga kinanda wao wakamsema kwamba anaingiza mapambo ya ajabu kwenye tenzi na sauti ngeni nyingi mpaka waumini wanachanganyikiwa. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 20, jina lake Johann Sebastian Bach. Wakamsema pia kwamba aliomba ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude akipiga kinanda akakaa kama miezi minne, na safari hiyo ni kama kilomita 400 alizokwenda kwa miguu. Pia msimamizi alipomwambia vipande vyake vya utangulizi ni virefu mno, akaanza kuvifanya vifupi kupita kiasi, nalo likawa kosa.

Mpeni kijana sehemu yake, kabla ya ibada au wakati watu wanatoka, hapo atie manjonjo mpaka aridhike. Kwenye tenzi za waumini ashike sauti wanazozijua. Wazee wenu wana haki kwenye hilo la pili.

Tumsifu Yesu Kristu mwalimu. Sisi Aleluya Kuu ya Handel tunaiimba Krismasi na watu wote wanasimama. Mwaka jana kijana mmoja akauliza kwa nini tunasimama, na mwingine akasema ule sio wimbo wa kanisa ni wa tamthilia. Tukakosa jibu. (Mama wa kwaya, Dar es Salaam)

Milele amina mama. Huyo kijana wa pili msimkaripie, ana hoja.

Handel alizaliwa 1685 mwaka ule ule na Bach, tena miji yao haikuwa mbali sana, ila hawakuwahi kukutana. Bach alikaa na kanisa, Handel akaenda Italia kisha London akawa mtu wa opera, yaani tamthilia za kuimbwa. Opera ilipoanza kumletea hasara akageukia oratorio, yaani hadithi ya Biblia inayoimbwa na waimbaji wa solo, kwaya na okestra lakini bila mavazi ya kuigiza wala kutembea jukwaani, na watu wanakata tiketi. Messiah, ambayo ndani yake ndio imo hiyo Aleluya Kuu, ni ya hivyo. Maneno aliyapanga Charles Jennens kutoka kwenye Biblia ya Kiingereza, Handel akaitunga mwaka 1741 kwa siku 24 tu, tarehe 22 Agosti mpaka 14 Septemba. Ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kwenye ukumbi wa muziki mtaa wa Fishamble, wala sio kanisani. Akina mama waliombwa wasivae zile sketi zenye mzingo mkubwa na wanaume wasije na panga zao ili watu watoshe. Fedha zikagawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 walilipiwa wakatoka jela. Hiyo namba 142 naipenda sana, nawaomba muwaambie wanakwaya wenu.

Sasa waimbaji walitoka wapi? Kwenye kwaya za makanisa makubwa mawili ya Dublin, na Jonathan Swift, yule mwandishi, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrick, aliwahi kuwakataza waimbaji wake wasiende kwenye mambo ya ule mtaa, baadaye ikapita wakaenda. Alipoipeleka London 1743 ikawa kelele kweli kweli, kwamba maneno matakatifu yanaimbwaje kwenye ukumbi wa tamthilia na waigizaji wa kike, mpaka matangazo yakaepuka kuitaja kwa jina, yakasema tu oratorio mpya takatifu. Ilipokuja kuanza kuimbwa kwenye kanisa dogo la kituo cha watoto yatima London kuanzia 1750, kwa ajili ya kuwachangia wale watoto, ndipo watu wakaipokea kabisa. Na sasa hivi ni nani atakwambia sio ya kanisa?

Kuhusu kusimama, mnasimuliwa kwamba mfalme George wa Pili alisimama kwa kuguswa na watu wote wakasimama. Hadithi hiyo inatoka kwenye barua ya mwaka 1780, mfalme keshafariki miaka 20 nyuma na Handel 21. Sasa mimi nasema simameni tu, mnasimama kwa sababu ya maneno, someni Ufunuo 19:6 na 11:15 mtaona ni Bwana Mungu Mwenyezi anamiliki, sio kwa sababu ya mfalme wa Uingereza. Ila Krismasi hapo ndipo nina neno. Aleluya ile imekaa mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso, kufa na kufufuka, na Injili kuhubiriwa duniani. Mahali pake hasa ni Pasaka. Krismasi imbeni kile cha sehemu ya kwanza cha Isaya 9:6, kwa maana mtoto amezaliwa kwa ajili yetu. Ni kigumu zaidi, sauti ya kwanza wana mbio nyingi, lakini kitamu jamani.

Mwalimu naomba unijibu kwa uwazi. Kuna mtu katuma ujumbe kwenye grupu letu la kwaya kwamba Mozart alikuwa Frimasoni, kwa hiyo Ave Verum tuliyojifunza tuitupe. Nusu ya kwaya wamegoma kuiimba. (Mwenyekiti wa kwaya, Mwanza)

Nakujibu kwa uwazi. Ndio, Mozart alijiunga na Wamasoni huko Vienna Desemba 1784, hakuna anayeficha, na Haydn, aliyekuwa mtu wa kusali sana, akajiunga 1785. Papa Klementi wa Kumi na Mbili alishakataza Wakatoliki kujiunga tangu 1738, lakini ile hati haikutangazwa rasmi Austria kwa hiyo huko hata mapadre walikuwepo ndani. Sitetei, nakueleza ilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Juni 1791, Mozart amebakiza miezi sita ya kuishi. Mke wake Constanze mjamzito, yuko Baden, mji mdogo wenye maji ya moto karibu na Vienna, anatibiwa. Hapo Baden kuna mwalimu wa shule anaitwa Anton Stoll ambaye ndiye mwalimu wa kwaya ya parokia, ni rafiki na amekuwa akiwasaidia. Sikukuu ya Ekaristi imekaribia, Mozart anamwandikia Stoll kazi ndogo kwa ajili ya sikukuu hiyo. Bar 46 tu. Kwaya ya parokia ya mji mdogo, violini chache, kinanda. Ukiitazama nota yake karibu hakuna maelekezo kabisa isipokuwa pale mwanzo, kwamba iimbwe kwa sauti ya chini. Aliijua kwaya ya Stoll, alijua wataweza nini, hakuna sauti inayopanda mpaka watu washike shingo. Mimi nimeifundisha kwaya za kigangoni na inakaa, ila pale kwenye maneno ya mwisho, soprano na alto wakianza, tena na besi wakiwafuata, mwambie mtu wa kinanda asikimbie.

Kwa hiyo mnaloimba ni sala ya zamani ya Ekaristi ambayo Kanisa lilikuwa nayo karne nyingi kabla Mozart hajazaliwa, ameiwekea sauti kwa ajili ya kwaya kama yenu. Mwaka huo huo alipewa nafasi ya msaidizi wa mkuu wa muziki kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Stefano Vienna, bila mshahara, akitegemea siku moja aipate nafasi yenyewe, kifo kikamuwahi tarehe 5 Desemba. Na tarehe 29 Juni 1985, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro na muziki ukawa Misa ya Mozart, ile ya 1779, Karajan akiongoza. Waambie hao waliogoma kwamba kama ilifaa pale, parokiani kwenu itafaa.

Swali la kujiuliza kwenye wimbo wowote ni hili: ulitungwa kwa kazi gani, na maneno yake yanasema nini. Hapo ndipo mjadala wa kwaya uanzie. Tukianza kuchunguza maisha ya kila mtunzi vitabu vyetu vitabaki na kurasa chache sana, na hata hao tuliobakiza hatujui walilala vipi.

Father wetu amekataa kinanda kipige ule wimbo wa bibi harusi anapoingia, na pia Ave Maria ya Schubert amesema ataangalia. Harusi ni Desemba, kadi zimeshatoka. Kwani kuna ubaya gani? (Bi harusi mtarajiwa, Nairobi)

Hongera sana dada. Father yuko sahihi kwenye ule wa kwanza, na ntakwambia kwa nini usije ukamkasirikia.

Ule wimbo umetoka kwenye opera ya Wagner, Lohengrin, iliyooneshwa mara ya kwanza Weimar 1850. Kwenye hadithi yenyewe hauimbwi wakati wa kuingia kanisani, unaimbwa baada ya ndoa, wakati maharusi wanasindikizwa chumbani kwao, na usiku huo huo kabla hakujakucha ndoa inavunjika kwa sababu bibi harusi anamuuliza mume wake jina lake, kitu alichokatazwa. Sasa wewe unautaka wa nini? Ule mwingine wa kutokea kanisani ni wa Mendelssohn, aliutunga 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, ukaja kushika baada ya binti wa malkia Victoria kuutumia kwenye harusi yake 1858. Huo wa Mendelssohn angalau ni furaha tupu, mapadre wengine wanauruhusu nje ya liturujia, muulize taratibu.

Ave Maria ya Schubert kidogo ni tofauti. Aliutunga 1825 kutoka kwenye shairi la Walter Scott, binti anaitwa Ellen amejificha pangoni na baba yake, anamwomba Bikira Maria awalinde. Ni sala, lakini sio ile Salamu Maria ya Kanisa, yale maneno ya Kilatini yalikuja kubandikwa juu yake baadaye. Ndio maana Father anasema ataangalia, pengine anataka ujue utaimba maneno yapi. Ukiimba kwa yale ya Kilatini sioni atakukatalia nini. Au chukua ile ya Gounod: Bach aliandika kipande kidogo cha kinanda 1722, Gounod zaidi ya miaka 100 baadaye akakiwekea sauti juu yake, na 1859 ikatoka na maneno kamili ya Salamu Maria. Mlutheri chini, Mkatoliki juu, na Gounod mwenyewe alishawahi kusomea upadre kabla hajaacha. Kwa kuingilia mwambie mpiga kinanda akupigie ile ya Bach ya Yesu furaha yangu, imetoka kwenye kantata ya sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, tarehe 2 Julai 1723, na mwendo wake unafaa kabisa kwa gauni refu.

Nikwambie na jambo jingine maana utasikia watu wakisema kila wimbo wa dunia hauingii kanisani. Ule wa Ijumaa Kuu wa kichwa cha Yesu chenye taji ya miiba, ambao Wakatoliki na Waprotestanti wote tunaulia, sauti yake ilianza kama wimbo wa mapenzi, kijana amechanganyikiwa kwa ajili ya msichana, Hans Leo Hassler aliutoa 1601. Baadaye Kanisa likauchukua, likaupa maneno ya toba, waumini wakausali miaka na miaka, Bach akautumia mara tano kwenye Mateso ya Mathayo, ile kazi yake kubwa ya kuimba mateso ya Yesu. Leo hakuna anayeusikia akamkumbuka yule msichana. Ule wa Wagner haujapita njia hiyo, bado watu wakiusikia wanaona gauni na kamera.

Mwalimu, mtunzi asiye na imani anaweza kutunga wimbo wa kanisa wenye upako? (Mwinjilisti, Mbeya)

Swali zito, jibu langu fupi. Vivaldi alikuwa padre, alipewa daraja 1703, lakini baada ya muda mfupi akaacha kuadhimisha Misa kwa sababu ya kubanwa kifua, akabaki kufundisha wasichana wa kituo cha yatima Venice, na Gloria yake inaimbwa kila mahali. Schubert aliandika Misa sita za Kilatini na zote sita kwenye Nasadiki aliruka ile sehemu ya Kanisa moja takatifu katoliki la mitume, lakini zinaimbwa. Verdi hakuwa mtu wa kanisani kabisa, Misa yake ya wafu iliimbwa Mei 22, 1874 kwenye kanisa la Mtakatifu Marko Milano na siku tatu baadaye ikahamia jumba la opera. Brahms alichagua mwenyewe mistari ya Biblia ya Luther kwa kazi yake kubwa ya wafu, na jina la Kristo halimo hata mara moja, kanisa kuu la Bremen lilipoipokea Ijumaa Kuu ya 1868 wakaona pengo, wakaingiza na wimbo wa Handel wa najua mteteaji wangu yu hai. Upande mwingine una Bruckner, mpiga kinanda wa monasteri ya Mtakatifu Florian, ambaye simfonia yake ya mwisho aliiandika kwa ajili ya Mungu mpendwa.

Mimi naona Mungu anatumia anayemtaka mwinjilisti. Ila nikisikia Bruckner halafu nikasikia Verdi, natambua nani anaomba na nani anaigiza vizuri sana mtu anayeomba.

Mimi ni mzee, niliimba Kilatini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tulikatazwa ngoma, leo zimejaa. Je hao watunzi wakubwa wangezikubali? (Mzee wa Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 1776 Mozart alimwandikia padre mmoja mwalimu wa muziki Italia kulalamika kwamba askofu mkuu wa Salzburg anataka Misa yote na nyimbo zake zote isizidi robo tatu ya saa, hata ile kubwa, na humo humo ziwemo tarumbeta na ngoma. Kwa hiyo ngoma zao zilikuwemo, zile za shaba. Waliokuja kuzikataza ni wa baadaye, Papa Pius wa Kumi kwenye hati yake ya tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, alichoshwa na opera kuingia kanisani akakataza piano, ngoma, matoazi, na hata wanawake wasiwe kwenye kwaya ya liturujia. Wamisionari waliowafundisha nyie walikuwa chini ya hati hiyo. Halafu Mtaguso, Desemba 4, 1963, ukasema kwenye nchi za misioni muziki wa watu wenyewe upewe heshima na nafasi yake.

Lakini hata kabla ya Mtaguso, 1958 huko Kamina, Katanga, kwa majirani zetu wanaoongea Kiswahili kama sisi, padre Guido Haazen na kwaya yake walishaimba Missa Luba, maneno ya Kilatini yale yale unayoyajua wewe, sauti na ngoma za Kongo. Kwaya ya Muungano ya Kenya chini ya Boniface Mganga ikairekodi upya 1990. Itafute mzee, mwambie mjukuu akuwekee kwenye simu, Kyrie yake utaijua neno kwa neno.

Sisi ni kwaya ya watu 14 Kigoma, hatuna kinanda, tunasoma solfa tu. Tunaweza kuanza na kipi kati ya hivi vya wakubwa? (Mwalimu mwenzako)

Mnaweza kabisa. Wenzetu wa Kinshasa, okestra ya kanisa la Kimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, walianza na violini chache wakipokezana, na wakafika kupiga simfonia ya tisa ya Beethoven.

Msianze na Aleluya Kuu, watu 14 mtaumia sauti. Anza na koral ya Bach, ile ya kichwa cha miiba, sauti nne, haina ulazima wa kinanda, sauti ya kwanza tayari watu wanaijua. Chukua ile inayokuja mara baada ya Yesu kukata roho kwenye Mateso ya Mathayo, ina akordi nzito kuliko zote tano na mtaimba Ijumaa Kuu. Ikikaa nenda Locus iste ya Bruckner, ya 1869, aliitunga kwa ajili ya kubariki kikanisa cha kanisa kuu jipya la Linz, haina chombo chochote, na kila parokia ina siku yake ya kutabaruku kanisa. Katikati pana nusu sauti zinazoteremka, hapo ndipo watu wanashuka pichi, fundisha polepole bila maneno kwanza. Nota zote ni za bure kwenye mtandao wa Choral Public Domain Library, umri wake umeshapita haki za kulipia. Zimeandikwa kwa staff, kwa hiyo wewe mwalimu kaa uzigeuze solfa mwenyewe sauti moja moja, usimpe mtu mwingine, maana ukimaliza kuandika utakuwa umeshajua sauti zote nne na mazoezi ya kwanza hutahitaji kuangalia karatasi. Gawa watu 14 hivi: soprano 4, alto 3, tena 3, besi 4, na yule besi mwenye sauti kubwa msimame naye karibu.